Kunguru Alipotua Kwenye Kurasa Kubwa

Tibor Halász alizaliwa na uso wa mtu anayejua jambo la kuchekesha na amekatazwa kulisema. Uso huo haukuwahi kumsaidia popote, na mwezi ule wa Julai ulimponza kabisa. Kila Fergus Mayhew alipokuwa kikaoni akieleza jinsi programu inavyozidi kuwa nzito, jicho lake lilikuwa likimwangukia Tibor, na akadhani anachekwa.

"Tib, una la kuchangia?"

"Sina, bwana mkubwa. Uso ndivyo ulivyo."

Fergus alikuwa mkuu wa uhandisi, mtu mrefu, mpole, mwenye sweta la bei mbaya. Ofisi yao ilikuwa Braddon, mtaa wa Canberra, juu ya duka la baiskeli, na kazi yenyewe si ya kukutoa jasho la mgongo: mashamba ya upepo ya kule upande wa Lake George yanatuma takwimu, programu inapiga hesabu, inarudisha bei ya kuuzia umeme kabla dirisha la soko halijafungwa. Dirisha linafungwa kila dakika tano. Ukichelewa bei yako haisomwi, na mapanga yako yanazunguka kule kilimani kama mtu anayeendelea kucheza muziki umeshazimwa.

Tibor ndiye aliyeandika upya sehemu ya kutafutia bei. Kwenye mashine yake ilikuwa inakimbia kuliko ile ya zamani. Ilipopelekwa kazini, ikaanza kuchechemea. Si sana, lakini dirisha nalo halina huruma. Bei zikaanza kuchelewa, wateja wakaanza kupiga simu. Wakairudisha ya zamani kwenye mashine moja ili walinganishe, ikakimbia vizuri kabisa. Hapo kila mtu akajua mwenye makosa ni nani.

Fergus akasema uamuzi ni Ijumaa. Na kila mtu alielewa kwamba msimbo wa Tibor, yale maagizo aliyoiandikia programu, ukitolewa, Tibor mwenyewe atatoka nao. Ana miaka hamsini na saba. Canberra haina uhaba wa ofisi, lakini mtu wa umri ule akifukuzwa kwa kuandika kitu kizito, sifa inamtangulia kwenye usaili. Akiingia anaikuta imeshakaa kitini.

Sasa, pale ofisini kuna desturi. Msimbo mpya hautembei peke yake. Majuma yote ya mwanzo unatembea na Kunguru. Kunguru ni chombo cha kufuatilia programu, alikitengeneza Noelene Crisp, kiongozi wa kikosi chao, akakipa jina la wale kunguru wa madoa wanaowashukia waendesha baiskeli kichwani kila majira ya machipuo. Kinaiendea programu ikiwa katikati ya mbio zake, kinatega mtego ndani ya maagizo yake. Programu ikikanyaga mtego, kiini cha mfumo, kile kinachoendesha mashine nzima, kinaishika kidogo, Kunguru anaandika nani kapita na saa ngapi, kisha inaachiwa. Msimbo wa zamani, uliokwisha kuaminika, hautegewi. Mgeni anapekuliwa mifuko, mwenyeji anapita na salamu.

Usidhani hawakumshuku Kunguru. Walimshuku. Wakamtoa, wakakaa wakitazama, na programu ikabaki nzito vilevile. Basi Kunguru akatoka mahakamani mweupe kama pamba. Na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa pili, Callum Renfrey aliandika upya sehemu ya kupokea takwimu, nayo ikawa nzito, naye akasema mbele ya watu kwamba ni Kunguru. Wakamtoa Kunguru mbele ya macho yake. Hakuna kilichobadilika. Callum akaonekana mtu anayemsingizia ndege. Noelene akaandika tathmini yake, na kabla ya Pasaka Callum hakuwepo.

Jumatano ya wiki ile Tibor alikuwa jikoni pale ofisini akisubiri maji yachemke, akaingia Sione Taufa na pai ya nyama mkononi. Sione ndiye mtunza mashine, Mtonga wa visiwa vya Pasifiki mwenye mabega ya kusukumana kwenye raga, na akila pai huwa anazungumza nayo kwanza.

"Mzee, nimefanya ujinga jana," akasema. "Usimwambie Shangazi." Shangazi ni Noelene, Sione humwita hivyo kila mwanamke aliyemzidi miaka kumi, na hakuna aliyewahi kuthubutu kukataa.

"Ujinga wa aina gani? Nina aina nyingi, tulinganishe."

"Nilikuwa nampeleka Kunguru kwenye mashine yako, nikampeleka kwenye ile ya msimbo wa zamani. Nimekuja kugundua baadaye. Ilikuwa imeshakuwa nzito kama yako."

"Ukamtoa."

"Nikamtoa. Ikabaki nzito. Nikasema basi leo nimekwisha. Nikaizima, nikaiwasha, ikapona." Akauma pai. "Kama mimi nikilala mchana."

Maji yalichemka, birika likajizima lenyewe, Tibor hakulitazama.

"Ulipoiwasha tena, Kunguru hakutua?"

"Atatuaje? Ule ni msimbo wa zamani. Kunguru anatua mwenyewe kwenye mpya tu, ndiyo kanuni. Mzee, mbona umeniangalia hivyo? Huu ndio uso wako wa kawaida au kuna habari?"

Kulikuwa na habari. Siku zote walikuwa wakimtoa Kunguru bila kuizima programu, kwa sababu kuizima ni kukosa dirisha. Na kila walipoizima na kuiwasha, Kunguru alitua palepale, maana msimbo ni mpya na kanuni ni kanuni. Hakuna siku hata moja msimbo wa Tibor ulipokimbia tangu kuwashwa bila Kunguru kuugusa.

Alirudi kwenye meza yake na kuanza kuuliza maswali.

Ukitaka kuelewa alichokiona, fikiria nafaka. Kompyuta huigawa kumbukumbu yake kwa kurasa, na ukurasa wa kawaida ni mdogo, kama kibaba. Programu kubwa ikikaa kwenye vibaba, kichakataji inabidi kikariri kila kibaba kiko wapi, na kichwa chake cha kukariri ni kifupi. Kikisahau kinakwenda kuuliza, na kila swali ni safari. Ndiyo sababu mwishoni mwa mwaka uliopita waliamua kutumia kurasa kubwa: gunia moja mahali pa vibaba mia tano na ushee. Kichakataji kinakariri gunia moja na maisha yanaendelea.

Anakuja Kunguru, anataka kutega mtego kwenye punje moja. Gunia lile ni la shirika, nakala zote za programu zinachota humohumo, kwa hiyo kiini hakimruhusu kulichezea. Kinamnakilia kibaba chake peke yake ategee humo. Lakini huwezi kubadilisha kibaba kimoja ndani ya gunia lililoshonwa. Kiini kinalifumua. Nafaka yote inapangwa kwa vibaba, kile chenye mtego kinawekwa mahali pake. Siku mtego ukitolewa, kibaba halali kinarudishwa. Gunia, hakuna anayelishona tena. Linabaki limefumuka mpaka programu ife.

Kiini hakikuficha. Ukikiuliza, kinakwambia programu fulani ina maagizo kiasi gani kwenye kurasa kubwa. Tibor aliuliza kuhusu msimbo wa zamani: karibu yote. Akauliza kuhusu wake: sifuri. Hakuna aliyewahi kuuliza, kwa kuwa walishawasha kurasa kubwa na kushangilia, na kitu ukishakishangilia hukirudii.

Siku ya pili mchana alimfuata Noelene kwenye ziwa la mjini. Noelene hutembea kando ya ziwa kila mchana, hata baridi ya Julai inaposhuka kutoka milimani na kukukata masikio. Wamefahamiana miaka ishirini. Mke wa Tibor alipofariki, wengi walileta maua. Noelene alikuja akafua mashuka, akayaanika, akaondoka bila hotuba.

Tibor alimweleza wakitembea. Noelene hakumkatiza. Ana kichwa kile ambacho ukifika katikati ya sentensi kimeshatangulia mwisho kinakusubiri.

"Umeijaribu kwa msimbo wa zamani?"

"Ndiyo. Nimemtua Kunguru, ukawa mzito. Nimemtoa, nikanywa chai mbili, haukurudi. Nimeuzima na kuuwasha bila yeye, ukarudi. Halafu nikauwasha wangu bila yeye."

"Na?"

"Unakimbia, Noe. Unakimbia kama umeibiwa."

Noelene akasimama. Bata weusi wawili walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakigombana kimyakimya.

"Mimi ndiye niliyeomba kurasa kubwa," akasema.

"Najua."

"Na Kunguru ni wangu."

"Najua pia. Una bahati mbaya, mama. Umezaa watoto wawili na hawapikiki chungu kimoja."

Alicheka, kidogo, kupitia puani. Kisha akauliza, "Umemwambia nani?"

"Sione anajua nusu bila kujua kwamba anajua. Wewe unajua yote."

"Basi niachie mimi. Fergus akisikia kwako ataona unajitetea. Akisikia kwangu ni taarifa."

Lilikuwa na maana. Hata mtu mwenye shaka angeona lina maana.

"Na Callum?" Tibor akauliza.

"Callum ana kazi nyingine sasa."

"Sikuuliza hilo."

"Moja moja, Tib," akasema, akamshika mkono juu ya kiwiko kama mtu anayemvusha barabara. "Tuanze na wewe."

Ijumaa walikaa chumba kile kidogo chenye dirisha la kutazama maegesho. Fergus, Noelene, Tibor, Sione kwa ajili ya mashine. Fergus akamwambia Noelene aanze.

"Tumeona tabia fulani ya kiini," Noelene akasema, "inayohusu kurasa kubwa na ufuatiliaji. Inachangia kwenye ule uzito. Tutaishughulikia. Kwa sasa, kwa usalama wa wateja, napendekeza turudi kwenye msimbo wa zamani."

Tibor alingoja sentensi inayofuata. Haikuja.

"Inachangia?" akasema. "Noe, ndiyo yote hiyo. Hakuna kingine."

"Hilo ndilo alilokuwa akisema Callum," akasema Fergus, taratibu, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani na anajaribu kujua ni nini. "Si ndiyo? Kwamba ni Kunguru." Akamgeukia Noelene. "Ni yote, au inachangia?"

Ungeweza kusikia watu wa duka la chini wakijaza upepo magurudumu. Kama ni yote, Callum alikuwa mkweli, na tathmini iliyomtoa iliandikwa na aliyewasha kurasa kubwa na kumzaa Kunguru. Noelene aliyaona yote hayo kabla Fergus hajamaliza kuuliza. Ndivyo kichwa chake kilivyo. Akakizungusha kikombe chake mezani.

"Siwezi kusema ni yote," akasema.

Na kweli. Hakuna mhandisi duniani anayeweza kusema ni yote. Jibu lile halikuwa na uongo hata chembe, na ndiyo sababu hapakuwa na mahali pa kulishika.

"Nipe mashine moja," Tibor akasema. "Nipe mashine moja na dakika ishirini, bwana mkubwa. Kunguru asitue. Utazame mwenyewe."

"Kanuni inasema msimbo mpya hauendi bila kufuatiliwa."

"Kanuni ndiyo ugonjwa wenyewe."

"Tib." Fergus alisugua macho. "Nimeshawaambia wateja. Kiongozi wako ananiambia turudi nyuma. Unataka nimkatalie kiongozi wa kikosi kwa sababu ya mtu ambaye ana kila sababu ya kuniambia anachoniambia?"

Sione alifungua mdomo. Tibor akamtazama, na Sione akaufunga.

Baadaye kwenye ngazi Sione alimfuata. "Mzee, mimi nilikuwa nataka kusema. Ile mashine, mimi mwenyewe kwa mikono yangu."

"Ungesema nini? Kwamba ulimtua Kunguru pasipo pake? Ungetoka na mimi. Una watoto watatu."

"Wanne. Mke wangu Salote kajifungua mwezi uliopita, ulitoa mchango."

"Ndiyo nasema. Una wanne."

Walimfanyia sherehe ya chai ya asubuhi, kama anavyofanyiwa kila mtu, awe anaondoka kwa heri au kwa kusukumwa. Kulikuwa na keki za lamington na kadi kubwa ambayo kila mmoja aliandika kwamba ofisi haitakuwa ileile. Noelene alimkumbatia. Alimkumbatia kwa nguvu na kwa muda mrefu, na alikuwa analia, na machozi yale hayakuwa ya uongo. Tibor alisimama na lamington mkononi, unga wa nazi ukimwagika kwenye mgongo wa sweta la Noelene, akifikiri kwamba ingekuwa rahisi zaidi kama mama huyu angekuwa mtu mbaya.

Alipitisha majira ya baridi akiandika barua za maombi. Usaili wa kwanza walimwuliza kwa nini aliondoka kule. Akasema kulikuwa na tofauti ya maoni kuhusu kurasa kubwa. Wakaangaliana. Hakukuwa na usaili wa pili pale.

Septemba, kunguru wa kweli wameshaanza kushukia kofia za watu, Sione akamtumia ujumbe: "Mzee, soma hii kabla hujala." Ilikuwa ni rekebisho la kiini, limetumwa pale wanapojadiliana watengenezaji wa kiini wa dunia nzima, hadharani, mwandishi Noelene Crisp. Mtego wa mwisho ukishaondolewa kwenye gunia, kiini kinakagua kama vibaba vyote vimerudi halali, na vikiwa halali, kinalishona upya. Safi kabisa. Mistari michache, hakuna neno la ziada.

Pale wana desturi kwamba chini ya kila rekebisho hutajwa watu: aliyeandika, aliyeripoti kosa, aliyekagua. Noelene alikuwa ameweka: imeripotiwa na Tibor Halász. Na juu yake maelezo, kama ilivyo ada: *Tulipoteza sehemu ya kumi ya kasi katika mfumo wetu wa kazi. Tumepima. Upotevu wote unatokana na hili.*

Tibor alilisoma lile neno "wote". Aliinuka akafungua dirisha, akalifunga, akarudi akalisoma tena. Kumbe lilikuwepo siku zote. Watu wa Ujerumani na Japani ambao hajawahi kunywa nao chai waliambiwa waziwazi. Watu watatu waliokaa naye kwenye chumba kinachotazama maegesho hawakuambiwa.

Akampigia Callum. Namba aliipata kwa Sione. Callum alikuwa Queanbeyan, juu ya paa la mtu, akifunga paneli za jua. Upepo ulisikika kwenye simu.

"Callum, ni Tib. Tib Halász."

"Yule mwenye uso."

"Huyohuyo." Akamweleza. Akamsomea maelezo yote, na neno lile. "Nataka niandike pale, mbele ya wote, kwamba aliyeripoti kwanza ni wewe. Ni haki yako. Wanaheshimu hilo, wataliweka, na likishawekwa halifutiki maisha."

Ikasikika spana ikiwekwa juu ya bati.

"Siku ile nilipokuwa nasema ni Kunguru," Callum akauliza, "wewe ulikuwa umekaa wapi?"

"Karibu na dirisha, nadhani."

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Ulisema. Walipomtoa Kunguru na haikubadilika, ulisema, 'Ndege kaondoka na bado unachechemea, ndugu yangu. Hebu jaribu kubadili viatu.' Walicheka wote. Noelene peke yake ndiye hakucheka."

Tibor alijaribu kukumbuka. Hakukumbuka. Ila mzaha aliujua ni wake, kama mtu anavyolijua koti lake kwenye msumari wa nyumba ya watu.

"Pole, Callum."

"Haya. Hakuna shida." Sauti haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Usiniweke, Tib. Sitaki jina langu likae kwenye karatasi moja na lake, wala na lako. Huku juu paneli ikifanya kazi mita inazunguka, mwenye nyumba anaiona. Sihitaji mtu wa kunisemea. Nina ngazi hapa, nahitaji mikono miwili."

Simu ikakatika.

Tibor akalisoma rekebisho upya, mstari kwa mstari, akiomba kwa moyo wake wote akute kosa. Alitafuta mahali mtego wa pili unapoweza kusahaulika gunia likashonwa juu yake. Noelene alishafikiria. Akatafuta programu mbili zikigombea gunia moja. Alishafikiria na hilo. Akalipeleka kwenye mashine yake ya nyumbani, akategua na kutega mpaka mkono ukauma, na kila mara gunia lilishonwa.

Watu wanaweza kudanganyana wanavyotaka, lakini kuhusu msimbo hakujua namna ya kudanganya. Akaandika pale hadharani kwamba amelikagua na kulijaribu, na kwamba ni sahihi, lipokelewe. Akaongeza ombi moja: mstari wa aliyeripoti uondolewe, kwa kuwa yeye si wa kwanza, na wa kwanza hapendi kutajwa.

Noelene alijibu siku hiyohiyo, kwa adabu, maneno mawili: "Nimeuondoa. Asante." Mtunzaji wa sehemu ile, mtu wa mbali asiyemjua hata mmoja wao, akalipokea na kusifu kazi nzuri. Likaingia kwenye kiini hivyo, na sasa liko kwenye mashine za dunia nzima: lina mwandishi, lina mkaguzi, na halina aliyeripoti, kana kwamba kosa lilijiinua lenyewe, likaja ofisini, likajitaja.